Kivuli Hakina Ujomba

Najua nimekaa kimya, kazi zimebana. Leo sina picha za mitende wala za vyungu vya sokoni Fanja. Leo nna hasira, na hasira zenyewe ni za sola.

Maana kila nikifungua simu nakuta ndugu anauliza: "Nimepata fundi wa sola, ananipa paneli nyingi kwa bei poa, nichukue?" Hakuna hata mmoja anayeuliza zitakaa wapi, na safu na safu zitaachana kiasi gani. Basi nisikilizeni.

Kwa wasiopajua, Fanja ipo wilaya ya Bidbid, mkoa wa Ad Dakhiliyah, kwenye njia ya Maskati kwenda Nizwa. Mji wa zamani umekaa juu ya kilima, chini kuna wadi na mitende, na pande zote majabali. Uwanda tambarare ni wa kutafuta. Hapa si Manah, ambako mwaka 2025 vilianza kazi vituo viwili vya sola, kila kimoja megawati 500, kwenye jangwa lililonyooka kama mkeka. Huku mtu anafunga paneli zake penye mteremko, na hapo ndipo mafundi wanapowachezea watu.

Hapa jirani kuna shamba lililofungwa sola mwezi wa sita. Ardhi inateremkia kaskazini, kama nyuzi 10 hivi, yaani ukienda mita 10 unashuka mita 1 na sentimita 76. Fundi akaja na kipimo chake alichozoea cha uwandani: safu hadi safu, mita 1 na sentimita 20. Akawasha, umeme ukajaa, akalipwa, akaenda zake. Lazima ujae! Mstari wa Tropiki ya Kansa unapita karibu kabisa na hapa, kwa hiyo mwezi wa sita saa sita mchana jua liko utosini na kivuli hakipo. Ilipofika Disemba umeme ukaporomoka, na mwenye shamba akaambiwa eti betri zimechoka, anunue nyengine.

Betri gani? Disemba jua la saa sita mchana hapa halifiki hata nusu ya njia ya kwenda utosini, linasimama kwenye nyuzi 43. Chukua paneli ya mita 2, iinamishe nyuzi 25 kuelekea kusini. Ukingo wake wa juu unanyanyuka kama sentimita 85. Ukitaka safu ya nyuma isiguswe na kivuli kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, hesabu za tarehe 21 Disemba ni hizi. Penye tambarare, acha mita 1.2. Penye mteremko wa nyuzi 10 unaoshukia kusini, kulikoelekea jua, sentimita 60 zinatosha, kwa sababu safu ya nyuma imepanda juu. Penye mteremko huo huo ukishukia kaskazini, unataka mita 2.2, maana ardhi inakikimbia kivuli na kivuli kinaifuata. Paneli zile zile, jua lile lile, lakini nafasi inakaribia mara nne!

Kwa yule jirani, hata saa sita mchana ukanda wa chini wa kila paneli, kama sentimita 20, unabaki kivulini. Msiseme ni kidogo. Vijisahani vya ndani ya paneli vimeungwa kwa mfuatano kama mabomba: ukibana moja, maji yanapungua kote. Paneli za zamani zikisimamishwa wima, ukanda huo wa chini unazima karibu paneli nzima. Hizi mpya zilizogawiwa nusu kwa nusu zinapoteza nusu ya chini. Zikilazwa ubavu, hasara inapungua zaidi. Fundi asiyejua hili hajui kazi. Anayejua akanyamaza, huyo ndiye mwizi.

Atatokea bingwa aseme: "Siku hizi paneli rahisi, ongeza tu." Ni kweli vituo vikubwa wahandisi hukubali kivuli kidogo ili waokoe ardhi na nyaya. Lakini wao wamekipigia hesabu kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Wewe unauziwa paneli 12 unapata kazi ya 8, na anayekubananishia ndiye anayelipwa kwa idadi ya paneli. Kama kiwanja ni kidogo, punguza paneli, au zilaze zaidi. Kwenye mteremko ule wa kaskazini, ukizilaza mpaka nyuzi 10, ile mita 2.2 inashuka kuwa kama 1.3. Utapoteza kidogo wakati wa baridi na itabidi uzifute vumbi mara kwa mara, lakini utakuwa umejua unachokinunua.

Na kinachoniuma hasa ni kwamba elimu hii tunayo wenyewe. Wazee wa huku waligawa zamu za maji ya falaji kwa kivuli cha mti uliosimikwa, na mtu akiiba zamu kivuli kinamuumbua. Sisi nasi chuoni tulifundishwa kuujua wakati wa alasiri kwa urefu wa kivuli. Leo tunamwachia mtu mwenye drili atwambie kivuli si kitu!

Sasa Pemba, nyinyi ndio nnaowahofia, maana kwenu ni vilima vitupu. Kwenu mambo yamegeuka: jua la mwezi wa sita liko kaskazini, basi paneli zielekee kaskazini, na kuinama nyuzi 10 kunatosha. Uwandani robo mita tu inatosha baina ya safu. Lakini mteremko wa nyuzi 10 unaoshukia kusini unataka kama sentimita 60. Fundi akija na vipimo alivyovikariri kwengine, mrudisheni.

Muulizeni mambo matatu: ardhi inashukia wapi na kwa nyuzi ngapi? Kivuli cha siku mbaya kuliko zote ya mwaka kitafika wapi? Ataandika kwenye karatasi na kutia saini? Akikwepa, msitoe hata senti.

Unguja tulikaa kizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Anayenunua sola kwetu hanunui pambo. Ananunua friji ya samaki, pampu ya maji, taa ya mtoto anayesoma. Kumbananishia paneli ni kumla mchana kweupe.

Wapeni salamu wote. Na mwenye fundi mlangoni sasa hivi, mpelekee haya kabla hajafungua mkoba wake.