Mali Bila Daftari: Magari ya Kale Nayo Yatungiwe Sheria

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Yamkini waliinena methali hii wakiwafikiria wafanyabiashara, lakini inamhusu vilevile kila mtu anayetazama namna taifa letu linavyoyatendea magari ya kale. Mbele ya sheria, gari hutambuliwa kwa cheti chake kabla ya kutambuliwa kwa umbo lake. Lisipokuwa na cheti cha umiliki, kile ambacho wengi wetu hukiita logibuku, haliwezi kutembea barabarani kwa halali, na anayelinunua hununua fitina. Ndiyo sababu suala la kulikagua na kulisajili gari adimu kutoka ng'ambo, ambalo huenda likaonekana kuwa anasa ya matajiri wachache, linastahili kujadiliwa na sisi sote.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme mwalimu wa ufundi, Mkenya anayeishi Uingereza, ameweka akiba kwa miaka mingi hadi akanunua Datsun 240Z ya mwaka 1972, yenye usukani wa upande wa kulia. Kwa Mkenya, gari la aina hiyo si chuma kikuukuu tu. Edgar Herrmann aliliendesha akashinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akaupata kwalo ushindi wake wa kwanza kati ya mitano aliyojizolea katika mashindano hayo. Mwalimu wetu anatamani kulirudisha gari hilo kwenye nchi iliyolipa jina, alitunze, na awafundishie wanafunzi wake. Cheti cha Uingereza anacho, nambari ya chesisi inalingana na iliyoandikwa kwenye cheti hicho, na injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Je, atafika wapi?

Hatafika mbali. Kabla ya gari lililotumika kupakiwa melini kuja Mombasa, ni lazima likaguliwe katika nchi linakotoka na wakala wa Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS). Kigezo kinachotumika ni KS 1515 cha mwaka 2000. Kigezo hicho kinataka mambo matatu makuu: gari liwe na usukani upande wa kulia, liwe katika hali inayofaa barabarani, na liwe halijapitisha miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Datsun ya mwalimu wetu inaupita mtihani wa kwanza. Wa pili inaweza kuupita vizuri kuliko magari mengi yanayonguruma katika mitaa yetu. Katika wa tatu inaanguka, na hakuna breki nzuri wala injini safi itakayoiokoa. Gari lisilotimiza kigezo likifika bandarini hukataliwa, na gharama ya kulirudisha linakotoka humwangukia aliyeliagiza.

Hata msamaha wanaopewa Wakenya wanaorejea nyumbani haumfai kitu. Sheria humruhusu mtu wa aina hiyo kuingiza gari moja alilolimiliki ughaibuni kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila ya kulipa ushuru, maadamu ametimiza masharti. Husamehewa ushuru, lakini hasamehewi umri wa gari.

Ieleweke kwamba hatuilaumu sheria ya miaka minane. Ina sababu zake, na sababu hizo ni nzito. Bila ya mpaka huo, nchi yetu ingegeuzwa jaa la magari ambayo mataifa mengine yameyachoka. Moshi ungezidi, vipuri vibovu vingeongezeka, na ajali ambazo tayari zinatumalizia watu zingepata chanzo kingine. Vivyo hivyo, marufuku ya usukani wa kushoto ni ya busara. Katika barabara zetu, dereva aliyeketi upande wa kushoto haoni vyema mbele anapotaka kulipita lori. Mambo haya yabakie kama yalivyo.

Kasoro tunayoiona ni kwamba sheria imeshika mizani moja tu, nayo ni mizani ya miaka. Inapima umri wala haipimi thamani ya kihistoria. Hata Mamlaka ya Ushuru nchini (KRA) inapokadiria thamani ya gari lililotumika, huanza na bei ya gari jipya la aina hiyo kisha huipunguza kwa kadiri ya umri. Kwa gari la kawaida hesabu hiyo ni sawa kabisa. Kwa gari adimu la kale mambo huenda kinyume: halina tena bei ya kiwandani, na kila mwaka unaopita humpandishia mwenyewe thamani. Mizani iliyotengenezwa kupimia mahindi haiwezi kupima dhahabu, na haifai kumkasirikia mwenye duka kwa hilo. La kufanya ni kumnunulia mizani ya pili.

Ukosefu wa mizani hiyo ya pili una madhara ambayo hayaishii kwa wapenzi wa magari. Mlango wa halali ukifungwa kabisa, wapo watakaotafuta dirisha. Gari la kale huweza kuletwa vipande vipande kwa jina la vipuri, kisha likaunganishwa gerejini na kuvishwa nambari ya chesisi ya gari jingine lililokwisha kufa, ambalo cheti chake bado kiko kabatini. Kwa njia hiyo cheti cha marehemu humtembeza aliye hai. Kuchezea nambari ya chesisi ni kosa la jinai, na njia ya mwongo ni fupi. Siku gari hilo litakapouzwa, litakapopata ajali au mwenyewe atakapofariki, uongo huo utawaangukia wasiokuwa na hatia: mnunuzi, majeruhi, mjane na mayatima.

Isitoshe, tunapoteza sehemu ya historia yetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na tangu mwaka 2003 magari ya enzi hizo yamekuwa yakirudi nchini kushiriki East African Safari Classic Rally. Mengi huingizwa kwa muda, yakatimua vumbi letu, kisha yakapakiwa tena na kwenda zake. Yanakuja kama wageni katika nyumba iliyoyalea. Garimoshi zetu za zamani zimepata maskani katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi tangu mwaka 1971, na watoto wa shule huenda kuzitazama. Magari nayo yamesahaulika. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inapotaja vitu vya kale vinavyohamishika, inavikusudia vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Karl Benz aliomba hataza ya gari lake la petroli mwaka 1886. Kwa hivyo, kwa kipimo hicho, ni vigumu kupata gari hata moja nchini Kenya litakalohesabiwa kuwa la kale. Gari letu ni kuukuu mno kwa bandari na changa mno kwa makumbusho.

Mataifa mengine yamelitatua jambo hili bila ya kuzibomoa sheria zao. Nchini Marekani, gari lililotimiza miaka 25 tangu litengenezwe huruhusiwa kuingizwa hata kama halikutengenezwa kwa mujibu wa viwango vya usalama vya nchi hiyo. Ujerumani hulipa gari la miaka 30 au zaidi nambari ya usajili inayoishia kwa herufi H, lakini ni baada ya mtaalamu kulikagua na kuthibitisha kwamba limehifadhiwa vyema katika hali yake ya asili. Uingereza hulihesabu gari kuwa la kihistoria likipita miaka 40, nalo hupunguziwa masharti mradi halijabadilishwa mno. Katika nchi hizo zote, uzee wa gari ukivuka mpaka fulani huacha kuwa dosari, ukawa sifa inayohitaji ushahidi.

Tunapendekeza basi kwamba KEBS, KRA na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) ziketi pamoja na kuyaandika masharti ya gari la kale kwa lugha ambayo mwananchi yeyote anaweza kuisoma na kuielewa. Mpaka wa umri uwe mrefu, tuseme miaka 40, ili mchuuzi asipate kutuletea gari bovu la miaka 15 kwa jina la turathi. Pawepo pengo kubwa kati ya gari la kawaida na la kale, na pengo hilo lisirukwe kwa hila.

Pili, utambulisho wa gari uthibitishwe kwa makini. Nambari za chesisi zenye herufi na tarakimu 17 zilianza kuwa za lazima Marekani kwa magari ya mwaka 1981. Mengi ya kabla ya hapo yana nambari fupi, kila kiwanda na mtindo wake. Mfumo wowote wa usajili unaodai 17 utalikataa gari la kweli, na karani aliyebanwa atashawishika kujaza sifuri za uongo. Wakaguzi wafunzwe kuzisoma nambari hizo na kuzilinganisha na vyeti vya awali pamoja na kumbukumbu za kiwanda.

Tatu, ukaguzi wa usalama uwe mkali lakini wa haki. Breki zishike, usukani usitetereke, taa ziwake, na chesisi isiwe imeliwa na kutu. Hata hivyo, gari lisidaiwe kile ambacho hakikuwako lilipoundwa. Mkanda wa usalama unaoshika begani na kiunoni ulianza kutiwa na Volvo mwaka 1959. Gari la mwaka 1955 haliwezi kuulizwa kwa nini halikutoka nao kiwandani.

Mwisho, cheti chake kiwe na alama maalumu, lisibebe abiria kwa malipo, na ushuru wake ulipwe kikamilifu kwa thamani yake halisi. Anayelipenda kweli hatayaona masharti hayo kuwa mazito. Anayetafuta mwanya wa biashara atayakimbia.

Kwa walimu na wanafunzi, hasa walio katika vyuo vya ufundi, jambo hili lina uzito wake. Magari ya siku hizi huficha mengi ndani ya kompyuta. Katika gari la kale, mwanafunzi hufunua boneti akaiona kabureta ikichanganya hewa na petroli, akaigusa, akaifungua na kuifunga tena. Vilevile hujifunza kwamba fundi hodari husoma nambari ya chesisi kabla ya kushika spana, kwa kuwa ukweli wa gari huanzia hapo.

Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao. Magari haya yalikuwa mbachao wetu. Yalilipeleka jina la Kenya, Uganda na Tanganyika duniani. Mwalimu wetu wa Datsun haombi fadhila ya afisa wala hataki kupita mlango wa nyuma. Anachoomba ni mlango wa mbele ulioandikwa masharti, naye yuko tayari kuyatimiza. Wenye mamlaka waufungue mlango huo, na daftari liwekwe mezani.