UCHAMBUZI: Usalama wa Ndege Huanzia Ardhini, Funzo Kutoka Haneda

Ajali za ndege huhusishwa zaidi na anga. Hata hivyo, tukio la Januari 2, 2024 katika Uwanja wa Ndege wa Haneda, Tokyo, lilidhihirisha kuwa hatari huweza kujitokeza ndege ikiwa bado ardhini.

Siku hiyo, ndege ya pangaboi aina ya Dash 8 ya Walinzi wa Pwani wa Japani, iliyokuwa ikijiandaa kupeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la Noto, iligongwa na Airbus A350 iliyokuwa ikitua. Watu watano kati ya sita waliokuwa ndani ya Dash 8 walifariki dunia, huku wote 379 wa Airbus wakinusurika.

Kumbukumbu za mawasiliano zinaonesha kuwa mwongoza ndege alimwelekeza rubani wa Dash 8 aende hadi mahali pa kusubiri, akimweleza kuwa ni wa kwanza katika foleni. Rubani aliyarudia maelekezo hayo kwa usahihi, lakini ndege iliingia katika njia ya kuruka na kutua na kusimama humo kwa takribani sekunde 40.

Ripoti ya awali ya wachunguzi, iliyotolewa Desemba 2024, ilibainisha kuwa marubani hao waliamini wameruhusiwa kuingia, waongoza ndege hawakutambua kosa hilo, na marubani wa Airbus hawakuiona ndege iliyokuwa mbele yao.

Funzo lililo wazi ni kwamba ruhusa ya kusogea hadi mahali pa kusubiri si ruhusa ya kuingia njiani. Baada ya ajali, Japani ilisitisha utaratibu wa kuwatajia marubani nafasi yao katika foleni na kuweka mtumishi maalumu wa kufuatilia skrini za tahadhari.

Tukio hilo linaigusa pia Tanzania, ambako Shirika la Ndege (ATCL) linatumia Dash 8 Q400 tangu mwaka 2016. Panga za ndege hizo huendelea kuivuta ndege hata injini zikiwa katika nguvu ndogo. Hivyo rubani hudhibiti mwendo kwa kubadili pembe ya panga, badala ya kutegemea breki pekee.

Kwa upande wao, abiria wanapaswa kupita katika njia iliyoelekezwa tu, kwani panga zinazozunguka kwa kasi ni vigumu kuonekana.