Kofia ngumu ni ya kichwa, si ya trafiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe dukuduku langu kuhusu kofia ngumu tunazouziwa sisi waendesha bodaboda. Kazi hii naifanya hapa Morogoro mwaka wa kumi na moja sasa, na kila siku nawaona wenzangu wakimpita askari wa usalama barabarani, kisha hao wanavua kofia na kuitundika kwenye kioo cha pembeni. Watu wanasema ni ukaidi. Ukaidi upo, sikatai. Lakini lipo jambo jingine lisilosemwa, nalo ni kwamba nyingi ya kofia tulizo nazo hazina tofauti kubwa na bakuli la plastiki. Zinatukinga na faini, hazitukingi na lami.

Mwaka jana mwenzetu wa kijiweni aliteleza kwenye mchanga akiwa amevaa kofia, tena ameifunga. Gamba lilipasuka vipande viwili kama kifuu cha nazi. Tulipoviokota tulikuta ndani hamna kitu isipokuwa sponji laini, nyembamba kama ya kusugulia vyombo. Ndugu yetu amepona na anatembea, ila hadi leo huchanganya majina ya watoto wake, na pikipiki hawezi tena kuendesha. Duka alikoinunua kofia ile linaendelea kuuza zile zile.

Kwa kawaida kofia ya kweli ina tabaka mbili zinazofanya kazi. La nje ni gamba, ambalo husambaza nguvu ya kishindo isikusanyike mahali pamoja. La ndani ni povu gumu jeupe, la jamii ya lile linalofungashiwa televisheni, lenye unene wa kama sentimeta 2 na nusu. Povu hilo hukubali kubonyea ili ubongo usisimame kwa ghafla ndani ya fuvu. Likishabonyea halirudi tena. Ndiyo maana kofia iliyokwisha kupata ajali ni ya kutupa hata kama gamba linang'aa, na ndiyo maana nawasihi vijana wasinunue za mtumba ambazo hawajui zimetoka kichwani mwa nani. Sponji kazi yake ni kukupa raha unapovaa, basi.

Sasa mnunuzi ataitambuaje? Ageuze mkanda wa kidevuni atafute lebo iliyoshonwa. Kofia zilizopimwa kwa kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa huwa na duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha, kwa mfano E3 ni Italia na E9 ni Hispania. Karibu yake ipo namba ndefu inayoanza na 05 au 06. Hiyo 06 ni ya toleo jipya, ambalo limeongeza kipimo cha kichwa kinapogonga kwa ubavu na kuzungushwa. Ipo pia herufi: J maana yake kofia haifuniki kidevu, P kinga ya kidevu imepimwa, na NP ile kinga unayoiona mbele haikingi chochote. Kofia kama hizo huangushwa juu ya chuma kwa mwendo wa mita 7 na nusu kwa sekunde, sawa na kuanguka kutoka karibu mita 3 kwenda juu, na ndani yake kimewekwa kichwa cha bandia chenye vipimo. Ile yetu ya kijiweni sidhani kama ingevumilia kuangushwa kutoka mezani.

Wengine watakuonyesha kibandiko cha DOT cha Marekani. Tahadhari hapo. Kule mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, ndipo serikali hununua baadhi madukani na kuzipima. Tena tangu mwaka 2013 kibandiko halali hakiishii kwenye herufi tatu tu. Sharti kitaje pia namba ya kanuni, FMVSS No. 218, na neno la kuthibitisha. Herufi tatu peke yake hata mimi naweza kuzibandika kwenye sufuria.

Hata kofia nzuri haisaidii ikiwa inacheza kichwani. Pima mzunguko wa kichwa juu kidogo ya nyusi kwa futi ya fundi cherehani, ujue saizi yako. Ukishaifunga, mwambie mwenzako aisukume kutoka kisogoni kuja mbele. Ikitoka, hiyo si yako. Shirika la Afya Duniani linasema kofia ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya mara sita, na ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Neno sawasawa hapo lina uzito, na mkanda ukining'inia halipo.

Upande wa abiria ndio aibu yetu kubwa. Wengine hawapewi kofia kabisa, na wanaopewa huikataa kwa sababu ya jasho la watu ishirini waliotangulia. Akina mama wenye nywele zilizosukwa wana haki ya kulalamika. Kitambaa safi cha kuvaa ndani hakigharimu kitu, nami nabeba vyangu kwenye mfuko.

Najua nitajibiwa kwamba kofia nzuri ni ghali. Ni kweli. Kijana mwenye pikipiki ya mkataba anapeleka hesabu kila siku, na mara nyingi kofia amekabidhiwa na bosi, ya bei ya chini kuliko zote. Basi mabosi nao waguswe, siyo dereva peke yake. Na ndugu zetu wa TBS, pamoja na wale wa bandarini, nawauliza kwa heshima: kofia isiyo na povu inapitaje hadi kufika dukani? Trafiki amesimama juani Msamvu kutwa nzima akituuliza kama tuna kofia. Ningefurahi siku moja ageuze mkanda asome lebo, kisha aniulize nimeinunua duka gani.

Mwendesha Bodaboda,
Msamvu, Morogoro.