Motokari za umeme bila sumaku ya Uchina: kasiterite na koltani zitaanguka bei?

Ku Hombo, pale mto unatenganisha Walikale na Kalehe, bei ya madini njo bei ya maisha. Ikishuka, hata mama mwenye kuuza fufu ku soko anaisikia. Basi habari ya kwamba mafundi wa Ulaya na Marekani wanatengeneza motere za motokari bila madini adimu inaweza kutia watu woga.

Motere nyingi za motokari za umeme ziko na sumaku kali ya neodimu. Karibu 90 kwa mia ya sumaku hizo zinatengenezwa Uchina. Mwezi wa 4 mwaka 2025, Uchina ilikaza masharti ya kuuza inje aina saba za madini hayo, na viwanda fulani vya motokari vikasimama kazi.

Lakini njia ingine iko. Ku Renault Zoe na BMW iX3, pahali pa sumaku waliweka waya za shaba. Moto ya umeme ikipita ndani, zenyewe zinakuwa sumaku. Hasara ni kwamba waya zinapata joto na kula moto kidogo ya batri. Konvertisere inabaki vilevile: inageuza moto ya batri, sawa ile ya sola ku nyumba.

Kwa muchimbaji wa Walikale ao Masisi, hii haigusi shimo lake moja kwa moja. Neodimu haitoke Bisie wala Rubaya. Bisie inatosha kasiterite, na bati yake njo inashikanisha vipande vya ndani ya konvertisere. Rubaya inatosha koltani, yenye kuingia mu vipande vidogo vya elektroniki. Mwenye kuguswa zaidi ni jirani: Burundi iko na madini adimu ku Gakara, kazi ilisimamishwa 2021, na Tanzania iko nayo ku Ngualla.

Hata hivyo, fundisho ni letu pia. Mafundi hawaache madini juu wanayachukia. Wanayaacha wakati hayaaminike tena. Wazee wanakumbuka mwaka 2000: koltani ilipanda ajabu, viwanda vikatafuta vitu vingine vya kuweka pahali pake, na 2001 bei ikaanguka. Mwezi wa 3 mwaka 2025, M23 ilipokaribia Walikale, mugodi wa Bisie ulisimama na bei ya bati ikaruka ku soko la dunia. Aliyekuwa na mzigo siku ile alifurahi. Lakini kila barabara inayofungwa na vita inamwambia munuzi wa mbali: tafuta pengine.

Kwa hiyo amani ya barabara si ya wasafiri peke yao. Njo inalinda bei ya kesho. Na mwenye kupata franga leo, asiache shamba.