Afya ya Familia: Umeme wa Mgongo na Watoto Wetu

Mwezi huu tunamjibu mama mmoja aliyetukuta Bwera siku ya soko. Mtoto wake wa miaka 4 alizaliwa na mgongo wazi. Mtu wa Kasese mjini kamwambia iko mashine ya umeme inayoamsha uti wa mgongo bila kupasua, na mtoto atatembea. Huyo mtu anataka malipo kwanza. Mama ana mbuzi wawili. Anauliza: niuze?

Mama, usimpe pesa. Tukueleze kwa nini.

Habari ya umeme yenyewe si uongo. Wanabandika vipande juu ya ngozi ya mgongo, umeme mdogo unapita mpaka kwenye mishipa ya fahamu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza habari za wanaume 5 waliopooza miguu. Kwa umeme huo na mazoezi, waliweza kusogeza miguu ikiwa imening'inizwa. Kusogeza, si kutembea. Tena wale walikuwa watu wazima walioumia. Mtoto wa mgongo wazi, uti wake haukujifunga vizuri tangu tumboni, katika siku 28 za kwanza. Kwa watoto kama hao bado ni majaribio. Anayekuuzia leo kutembea anakuuzia maneno.

Sasa jamani, tuseme la maana zaidi. Watoto wengi wa mgongo wazi kibofu chao hakimwagi mkojo wote. Unabaki, unaoza, unarudi juu, unaharibu figo kimyakimya. Dawa yake si mashine, ni mrija mwembamba. Mzazi ananawa mikono kwa sabuni, anauingiza polepole, mkojo unatoka wote, anautoa. Kisha anauosha na kuukausha. Hufanywa kila baada ya saa 4 hivi, mchana. Daktari Lapides wa Marekani alianza kufundisha njia hii miaka ya 1970 mwanzoni, na akina mama wengi Uganda wanaifanya nyumbani. Mtoto akikua anajifanyia mwenyewe, anakwenda shule bila harufu, bila aibu. Usijaribu kabla ya kufundishwa.

Pa kuanzia ni hospitali ya Bwera au Kagando. Omba karatasi ya rufaa. Mbarara, pale Ruharo, wako OURS wanaosaidia watoto wenye ulemavu. Upasuaji wa mgongo na wa kichwa maji hufanyika CURE, Mbale. Kichwa kikikua haraka, mtoto akitapika au kusinzia ovyo, usingoje kesho.

Nyumbani, kagua miguu na makalio kila jioni. Pale hasikii maumivu, hivyo kaa la moto linamuunguza akicheka.

Na wewe mama, si laana wala uchawi. Kabla ya kubeba mimba nyingine, nenda kliniki uombe vidonge vya foliki. Aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hii hupewa dozi kubwa zaidi, na huanza kabla ya mimba, si baadaye.

Kwa hiyo mbuzi wabaki. Kama ni lazima umwuze mmoja, pesa yake iwe nauli ya Mbarara. Ukirudi, pita kwetu utupe habari.