Programu ya Kompyuta Inayovaliwa Isimshughulishe Mvaaji

Wako wanaodhani kwamba programu ya kompyuta ya mezani, ikipunguzwa umbo tu, yafaa kutumika katika kompyuta inayovaliwa mkononi au usoni. Kwa maoni yangu, fikra hiyo ina kasoro kubwa. Aliyeketi mbele ya kompyuta ya mezani ameitolea macho, mikono na akili yake. Aliyevaa kompyuta huenda anavuka barabara au anamhudumia mgonjwa. Kompyuta kwake ni jambo la pili.

Ukweli huu ulidhihirika mapema. Mwaka 1961, huko Marekani, Edward Thorp na Claude Shannon walikamilisha kompyuta ya kuvaliwa yenye transista 12, ukubwa wake kama pakiti ya sigara, ili kubashiri mchezo wa kamari wa ruleti. Mmoja wao alipima mwendo wa gurudumu na wa mpira kwa kubonyeza swichi zilizofichwa kiatuni kwa vidole vya mguu. Mwenzake alipokea jibu kwa redio: mlio mmoja sikioni kati ya milio minane, kila mlio ukiwakilisha sehemu moja ya gurudumu. Hakuna aliyelazimika kutazama chombo wala kukishika.

Programu bora ya leo hufuata kanuni hiyohiyo. Mwaka 2018 ilitolewa saa ya Apple Watch inayoweza kutambua kwamba mvaaji ameanguka vibaya. Programu yake hukaa kimya. Mtu aangukapo humgutusha kwanza, na asipojongea kwa muda wa dakika moja hivi, huita msaada. Lakini saa hiyohiyo ikiruhusiwa kutetemeka kwa kila ujumbe na kila tangazo, mvaaji huzoea kuipuuza. Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Basi siku ya hatari ya kweli, onyo nalo laweza kupuuzwa. Isitoshe, kila mtetemo na kila mwanga hula umeme wa betri iliyo ndogo mno.

Kwa hiyo yafaa walimu wa somo la kompyuta wawazoeze wanafunzi kujiuliza, kabla ya kuandika programu ya namna hii: mvaaji atakuwa akifanya kazi gani? Je, anahitaji kujua jambo hili sasa hivi? Ikiwa hahitaji, programu na inyamaze.