Biskuti za babu zakataliwa Buhigwe!

Wiki hii naandika nikiwa nimeaibika. Aibu yenyewe nimeipatia Buhigwe, mkoani Kigoma, na aliyeniaibisha ana miaka mitano.

Nilikwenda kumwona dada yangu aliyeolewa kule juu, karibu na Manyovu. Si mnatujua watu wa Dar, shamba hatuendi mikono mitupu. Nikabeba katoni ya biskuti za krimu na juisi za boksi, zile ambazo chungwa limepita mbali. Nikapokewa kwa makofi na "mwakeye" zisizokwisha, maana Waha hawana haraka kwenye salamu, mtu atakuulizia mpaka mbuzi. Mjukuu alipokuja nikampa pakiti. Akaigeuza huku na huku.

"Babu, hii kabla haijawa biskuti ilikuwa inaitwaje?"

Jamani! Nikajiumauma. Dada akacheka, akasema ndiyo mambo wanayofundishwa shule hayo, siku hizi humu ndani hatupumui.

Kesho yake nikamsindikiza, nimwone huyo mwalimu. Darasa la awali lilikuwa chini ya mwembe. Mwalimu, mama wa makamo, alikuwa na kikapu tu. Mtoto anafungwa kitenge machoni, anapewa kitu, anapapasa, ananusa, anataja. Karanga zenye maganda. Kiazi kitamu. Kipande cha boga. Ilipofika zamu ya dagaa wa Ziwa Tanganyika, darasa zima likapiga chafya. Kisha ikatoka chupa ya mawese. Mwalimu akawaambia wekundu ule ndio unaolinda macho, na dagaa mnamla na mifupa yake ili nanyi mpate mifupa. Maneno ya kitoto, lakini kweli tupu: wekundu wa mawese mwili huugeuza vitamini A, na ukiyachoma mpaka yakawa meupe umeumaliza.

Kilichonimaliza mie ni vikombe viwili vya unga, dona na sembe. Pembeni akaweka pumba na viini vilivyobaki kwenye kukoboa.

"Hivi tunampa nani?"

"Kukuuu!"

"Na kuku ananenepa?"

"Ananenepaaa!"

Nilitazama chini. Mie ni wa kizazi kilichokula unga wa yanga miaka ya 1980, tukaapa siku tukipata hela hatutagusa tena ugali usiokuwa mweupe. Kumbe miaka yote hii nakobolewa vitamini na madini yangu, tena nalipia.

Baadaye nikambana mwalimu: mbona dona ina matatizo yake? Hakukataa. Kile kiini kina mafuta, kwa hiyo unga ukikaa sana huwa mchungu, ndiyo maana anawaambia wazazi wasage kidogo kidogo. Na mahindi ya uji wa shule yakiletwa na ukungu anayarudisha bila kuoneana haya. Hapo nikamuunga mkono, maana 2016 Dodoma na Manyara walizika watu kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Dona ya mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe, hilo lisemwe.

Lakini kasheshe lenyewe lilikuja jioni. Mpwa wangu, baba wa mtoto, alikuwa anashona magunia ya maharage, mnunuzi anakuja asubuhi. Yote yanaondoka, nyumbani linabaki debe moja. Mtoto akasimama pale.

"Baba, mwalimu amesema maharage yanajenga mwili. Haya yanakwenda kumjenga nani?"

Kimya. Mpwa akanitazama mie, eti nimsaidie. "Mjomba, sare za shule nalipa kwa maharage? Mbolea nalipa kwa maharage?" Sikuwa na jibu, na sitaki kujifanya ninalo leo. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na walioongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ile ile inayotulisha sisi wa mjini. Mkulima anauza maharage, anarudi na sembe, sukari na biskuti kama zangu. Mwalimu na kikapu chake anaweza kumfundisha mtoto, lakini mwenye gunia ni baba.

Tulikaa pale mpaka giza likaingia. Mwishowe mpwa akachukua kisu, akakata uzi wa gunia moja, akachota madebe mawili, akalishona tena bila kusema neno. Mtoto alikuwa keshalala.

Asubuhi mnunuzi alifika akitaka lumbesa, akakuta gunia limelegea kama soksi kuukuu. Walibishana bei mpaka jua likawa kali.

Biskuti? Nilirudi nazo. Tulizimaliza njiani mie na konda.

Tukutane wiki ijayo.